Besi Inapotelea Wapi?

Mhadhara kwa wanamuziki na mafundi mitambo wa Keroka



Muulize mtu yeyote anayetoka kwenye sherehe iliyokuwa na bendi kama besi ilisikika. Atakujibu kwamba ilisikika mno, hata vikombe vilikuwa vikitetema mezani. Sasa mwombe akuimbie alichopiga mpiga besi katika wimbo mmoja tu. Hawezi. Sauti ya mwimbaji ataiimba, solo ataiigiza kwa midomo, mapigo ya dramu atayagonga mezani kwa vidole, lakini besi anaikumbuka kama uzito tu. Ninaposema kusikika leo, nina maana ya msikilizaji kuweza kuifuata besi noti kwa noti, akajua inapopanda, inapotua na inaponyamaza. Na ninachodai ni kwamba katika bendi zetu besi haikosi nguvu, inakosa nafasi. Nafasi hiyo huipati kwa kuipandisha besi yenyewe. Unaipata kwa kuwahamisha wale walioikalia.

Tuanze na hesabu kidogo, maana bila hesabu mazungumzo ya sauti hugeuka ubishi wa masikio ya nani ni mazuri. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne, ule wa E, hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, yaani Hz 41. Uzi wa A ni Hz 55, wa D ni 73, wa G ni 98. Wimbi la Hz 41 lina urefu wa mita 8 na kidogo, kupita urefu wa matatu ya abiria 14. Spika ya inchi 12 au 15 inayosimamishwa kwenye nguzo pembeni mwa hema haiwezi kulisukuma wimbi hilo kwa nguvu ya maana. Nyingi za aina hiyo huanza kulegea mara zinaposhuka chini ya Hz 60. Kwa hesabu hiyo noti za chini kabisa za besi zisingesikika kamwe. Lakini chukua redio ndogo ya mkononi, ile ambayo spika yake inaenea kwenye kiganja. Haiwezi kutoa Hz 41, na hata 80 inaipata kwa shida. Hata hivyo benga ikipigwa redioni, mchuma chai aliyeitundika redio hiyo kwenye tawi anaifuata besi vizuri sana, pengine vizuri kuliko atakavyoifuata Jumapili mbele ya spika nne kubwa. Jambo hilo linataka maelezo, na maelezo yake ndiyo msingi wa yote nitakayosema.

Uzi ukichapwa hautoi mtetemo mmoja. Pamoja na Hz 41 hutoa 82, 123, 164 na kuendelea, sauti tanzu zinazopandana kwa hatua zilizo sawa. Sikio likizipata hizo za juu, hujaza lenyewe ile ya chini ambayo haikufika. Wanasayansi wa Ulaya walikuwa wakibishana juu ya jambo hili tangu karne ya 19, na Mholanzi J. F. Schouten alilichunguza kwa kina kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930. Kwa mpiga besi maana yake ni kubwa. Kile ambacho msikilizaji anakitambua kuwa ni noti, chenye mwanzo, jina na mwisho, kinabebwa zaidi na sauti tanzu zilizo kati ya Hz 100 na 1,000 hivi. Kile kinachotetemesha meza kiko chini ya hapo. Fundi anayezungusha kitufe cha chini ili besi isikike anaongeza mtetemo wa meza, na noti inabaki pale pale ilipokuwa.

Tena si kubaki tu. Mwaka 1924 watafiti wawili wa Marekani, R. L. Wegel na C. E. Lane, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti ya chini ikiwa kubwa huifunika sauti iliyo juu yake kwa urahisi kuliko ya juu inavyoweza kuifunika ya chini. Kwa hiyo besi iliyoongezwa chini kupita kiasi inawafunika wengine na kujifunika yenyewe: uvumi wake wa Hz 60 unazimeza zile sauti tanzu ambazo ndizo zingemwambia msikilizaji ni noti gani iliyopigwa. Ndiyo maana kila baada ya nyimbo mbili mpiga besi anamwashiria fundi kwa kidole aongeze, fundi anaongeza, na hali inazidi kuwa mbaya. Wote wawili wanafanya kazi kwa bidii.

Sasa tuangalie ni nani wengine wanaokaa mahali besi inapokaa. Chukua wimbo wa F. Mpiga besi ameweka kidole kwenye freti ya tatu ya uzi wa D, na hiyo ni F ya Hz 87. Mpiga kinanda, ambaye kwa miaka mingi amepiga kanisani peke yake na ilibidi awe bendi nzima, anashusha mkono wa kushoto kwenye F hiyo hiyo, kisha anaongeza na ya chini yake ili wimbo ujae. Gitaa la rizimu linapiga kodi ya F kwa nyuzi zote sita. Uzi wake mnene kwenye freti ya kwanza ni F ile ile tena, Hz 87. Dramu ya mguu imelegezwa ngozi ili itoe mshindo, na mshindo huo una mkia mrefu unaovuma kati ya Hz 50 na 80. Mwimbaji amegusisha midomo kwenye maikrofoni, na maikrofoni nyingi za jukwaani zikisogelewa hivyo huongeza uzito wa chini wa sauti. Zaidi ya hayo, maikrofoni hiyo inaokota amplifaya ya besi iliyo nyuma ya mwimbaji na kuirudisha kwenye spika ikiwa imechelewa na kuchafuka. Watu watano wanapiga besi katika bendi yenye mpiga besi mmoja. Nani atashangaa ikiwa yeye ndiye hasikiki?

Mahali napo pana neno. Keroka ni mji uliokalia mpaka wa Kisii na Nyamira, na bendi inayofanya kazi hapa hupiga leo kwenye ukumbi wa kuta za mawe, kesho kwenye kanisa la mabati, keshokutwa kwenye hema la harambee au matanga kando ya shamba la migomba. Katika ukumbi wenye upana wa mita 8, wimbi la Hz 43 hivi hugonga ukuta na kurudi likijikuta lenyewe, likarundikana. Noti ya F ya chini kabisa ni Hz 44. Basi kila mpiga besi anapoigusa F hiyo ukumbi mzima unanguruma, na anapohamia noti ya jirani ngurumo inakatika, ilhali kidole chake hakikubadilika nguvu. Anayekaa pembeni ukutani anasikia besi nyingi. Anayekaa katika mstari fulani kati ya ukuta na katikati ya ukumbi anaweza kusikia kidogo mno. Ukitoka hapo ukaenda kwenye hema hakuna kuta, besi inaondoka zake kuelekea mtoni. Fundi anayeacha miksa yake kama alivyoiweka jana amekwisha kukosea kabla ya kuwasha mtambo. Na kuna mvua. Mvua ya Gusii ya alasiri juu ya mabati hushindana zaidi na masafa ya kati na ya juu, yaani inafuta ule mguso wa kidole kwenye uzi ambao unatuambia noti imeanza. Bado sijaona amplifaya iliyoshinda mvua hiyo, na kwa maoni yangu bendi yenye busara hunywa chai kwanza.

Ushahidi mkubwa wa hoja ya nafasi hautoki kwenye maabara. Unatoka kwenye muziki wa eneo hili. Sikiliza benga ya majirani zetu Wajaluo, ambayo bendi za Abagusii ziliipokea na kuifanya yao. Katika santuri za D. O. Misiani na Shirati Jazz, besi haikai chini ikivuma. Inapanda shingoni mwa gitaa, inachapa noti fupi zilizokatwa, inajibizana na solo kana kwamba nayo ni solo. Wengi walioandika juu ya benga huona asili ya upigaji huo katika nyatiti, chombo cha nyuzi nane ambacho mpigaji wake huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu na kuigonga mbaoni. Angalia mgao wa kazi hapo: mguu unashika mapigo, nyuzi zinashika wimbo, wala havigombei mahali pamoja. Angalia pia kwamba katika benga waimbaji wakimaliza beti hunyamaza kabisa, magitaa yakapewa uwanja. Rizimu yenyewe hupigwa juu, nyembamba na kavu. Mpangaji wa muziki huo alikuwa amekwisha kufanya kazi ya miksa kabla ya miksa kuwapo.

Abagusii wana shahidi wa karibu zaidi. Obokano, zeze letu kubwa la nyuzi nane, watafiti wa muziki wamewahi kuliita besi kubwa ya Afrika Mashariki. Lina sauti nene, lakini unene wake una mkwaruzo, na mkwaruzo huo haufai kuchukuliwa kuwa dosari. Waethiopia, kwenye begena yao ambayo ni ndugu wa chombo hiki, hupachika vipande vya ngozi kati ya uzi na daraja makusudi ili uzi uvume kwa mkwaruzo. Mkwaruzo ni wingi wa sauti tanzu. Mafundi wa vyombo hivi walijua, bila kuandika popote, kwamba noti ya chini ikiwa tupu haifiki mbali, na kwamba ukiipa ukali wa juu sikio litaipata hata uwanjani, pasipo waya wala umeme. Kijana wa leo anayefunga kabisa kitufe cha juu cha gitaa lake ili besi iwe laini anakataa alichokijua mpiga obokano.

Utanijibu kwamba santuri za benga zilitengenezwa studio, na studio kila kitu kinawezekana. Pingamizi hili lina uzito, lakini halifiki mbali. Studio za zamani za Afrika Mashariki hazikuwa na njia nyingi za kurekodi. Pale Radio Tanzania Dar es Salaam bendi nzima iliingia ikapiga kwa pamoja, mbele ya maikrofoni chache, na kilichopigwa ndicho kilichotoka. Sikiliza Mlimani Park Orchestra, wana Sikinde, bendi iliyoundwa mwaka 1978, na umfuate Suleiman Mwanyiro kwenye besi. Anapiga kifungu, anaacha pengo, anarudi. Pengo hilo ndilo linalotufanya tumsikie anaporudi. Hakuna mtambo uliomfanyia hivyo baadaye; ni vidole vyake, na ni wenzake waliokubali kutojaza pengo lake.

Kwaya nazo zinasema hivyo hivyo. Tangu misheni ya Nyanchwa ilipoanzishwa mwaka 1912, uimbaji wa sauti nne wa Waadventista umeenea katika milima hii, mara nyingi pasipo chombo chochote. Katika kwaya ya watu ishirini wanaoimba besi huenda wakawa wanne au watano, na koo zao hazina nguvu kuliko za soprano. Lakini besi inasikika hadi nje ya kanisa, na mtoto mdogo anaweza kuiiga njiani. Soprano, alto na teno hazishuki mpaka kwake, basi. Mwalimu wa kwaya akimsikia mtu wa teno anazamia kwenye besi humkemea hapo hapo. Mpiga kinanda akifanya kosa lile lile anapigiwa makofi.

Basi kazi ianzie wapi? Ianzie kwenye vidole. Mpiga besi aukate uzi kwa kiganja au kwa mkono wa kushoto, noti isivume hadi inayofuata. Asogeze mkono wa kulia karibu na daraja sauti ikihitaji makali. Abadilishe nyuzi zilizokufa. Kisha mpiga kinanda ainue mkono wa kushoto oktava moja, au auweke mfukoni. Mpiga rizimu aziache nyuzi mbili nene. Hayo yote ni bure na hayahitaji fundi. Baada ya hapo fundi mitambo akate kila kitu kilicho chini ya Hz 100 kwenye maikrofoni za waimbaji, kwenye gitaa na hata kwenye kinanda; miksa nyingi, hata za bei ndogo, zina kitufe cha kufanya hivyo kwenye kila chaneli na kitufe hicho hukaa bila kuguswa mwaka mzima. Kwenye besi apunguze kidogo kati ya Hz 200 na 300, ambako matope hukusanyika, na ainue kidogo kati ya 700 na 1,000. Ukiisikiliza peke yake besi iliyowekwa hivyo itakuudhi. Inasikika nyembamba, ina pua. Ndani ya bendi inakaa sawa. Kosa la kuitengeneza besi ikiwa peke yake, kisha kuilaumu bendi, ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Na amplifaya ya jukwaani iinuliwe kwenye kiti au sanduku ifikie masikio. Ikiwa sakafuni inawapigia wasikilizaji wa mbele magotini na mpiga besi mwenyewe haisikii, kwa hiyo anaiongeza.

Dramu ya mguu na besi ni lazima zigawane. Ikiwa dramu imepewa kishindo cha Hz 60, besi na itawale kuanzia 80 kwenda juu. Au kinyume chake. Ipi ichaguliwe ni suala la mtindo wa muziki, na mimi kwa benga na rumba ningempa mpiga besi haki ya kwanza. Kisha kagua waya. Sabufa mbili ambazo moja imeunganishwa kinyume, chanya kwa hasi, zinasukuma hewa na kuivuta kwa wakati mmoja, na besi inafutika katikati ya watu hata kama kila moja ikijaribiwa peke yake ni nzima. Zikishaunganishwa sawa na kuwekwa pamoja upande mmoja au katikati, hazitagawanya uwanja kuwa vichochoro vya besi nyingi na vya besi kidogo.

Wapo watakaosema: watu wetu wanataka besi ya kifuani, wameizoea kwenye matatu na disko, ukiikata chini watatuacha. Sikatai kifua. Lakini reggae inampa msikilizaji kifua na wimbo pamoja, na besi yake inaimbika kuliko ya muziki mwingine wowote ninaoujua. Inawezaje? Gitaa la reggae hukatwa fupi na juu, kinanda nacho hivyo hivyo, na dramu mara nyingi huliacha pigo la kwanza wazi. Kila mtu ameondoka chini akawaachia wapiga besi kama Aston Barrett. Anayetaka besi ya kifuani ana sababu kubwa zaidi ya kusafisha chini, kwa kuwa chini hapana nafasi ya watu wawili.

Wengine watasema tatizo letu ni umaskini wa vifaa: tupeni mtambo wa maana, haya mengine ni falsafa. Hapa nakubali nusu. Gitaa la besi lenyewe lilizaliwa kwa kilio hicho. Leo Fender alipotoa Precision Bass mwaka 1951, moja ya sababu ilikuwa kwamba besi kubwa ya kusimama ilizidiwa na vyombo vingine vya bendi, na umeme uliisaidia. Uwanjani, mbele ya watu elfu moja, hakuna ujanja wa mpangilio utakaofanya kazi ya spika ambazo hazipo. Lakini fanyeni hesabu kabla ya kuchangisha. Kuongeza nguvu ya amplifaya maradufu, tuseme kutoka wati 500 hadi 1,000, kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo huenda wageni wengi wasiitambue. Ili sikio liseme sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara kumi. Kumwondoa mpiga kinanda kwenye F ya Hz 87 kunaleta tofauti inayosikika papo hapo, na hakuna harambee inayohitajika. Isitoshe, kanuni za Kenya za mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo zinawahusu hata wenye harusi, na mawimbi ya chini ndiyo yanayopenya ukuta wa jirani kwa urahisi kuliko yote.

Pingamizi la mwisho hutolewa na wapiga besi wenyewe: kwamba besi nzuri haitakiwi kusikika, inatakiwa kuhisiwa, na mpiga besi mwema hujificha. Ni maneno ya unyenyekevu na yanasifiwa sana. Mimi sioni kwa nini mtu ajifunze miaka kumi, abebe amplifaya ya kilo arobaini kupanda gari la Sotik, kisha ajisifu kwamba hakuna aliyesikia alichopiga.

Nina ombi moja kwa mafundi mitambo. Kwenye harusi ijayo, kabla ya wageni kufika, washeni mwimbaji na besi peke yao mpaka waelewane. Kisha ingizeni wengine mmoja mmoja. Yeyote ambaye akiingia besi inafifia, mkatieni huyo chini yake, na kitufe cha besi msikiguse.